Kati ya Mlio na Mzoga

Mtu anayempiga mbweha risasi usiku anaweza kupata majibu matatu, na mawili kati yake yanafanana. Pengine mbweha huanguka papo hapo, na hapo hakuna swali. Pengine risasi imempita naye ametimua mbio akiwa mzima. Au imemgonga, naye ametimua mbio akiwa na tundu mwilini. Baada ya haya mawili ya mwisho, ukiangaza kurunzi kwenye malisho utaona kitu kile kile: majani, umande, kondoo wanaocheua, na mahali palipokuwa na mnyama sekunde chache zilizopita. Nimekuwa nikiyawaza sana majibu hayo mawili, kwa sababu mtu anayetakiwa kuyatofautisha ndiye mwenye sababu nyingi za kujidanganya.

Mbweha ninayemzungumzia si yule wa mgongo mweusi wa Serengeti na Maasai Mara ambaye msomaji wa Afrika Mashariki atamkumbuka kwanza. Huyu ni mbweha mwekundu, mnyama wa kilo 5 hadi 8 hivi, aliyeenea Ulaya nzima na anayejulikana mno kwa wafugaji wa kondoo wa Wales, Scotland na kaskazini mwa England. Huko milimani kondoo wengi huzaa Machi na Aprili, na ndizo nyakati ambazo mkulima, au jirani yake mwenye kibali cha bunduki, hutoka usiku na gari akaegesha kwenye kona ya malisho. Sheria ya uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, ilipiga marufuku kuwafukuza mbweha kwa makundi ya mbwa England na Wales. Scotland ilikuwa imetangulia kwa sheria yake ya mwaka 2002. Bunduki haikuguswa. Wala mbweha hana msimu wa kupumzishwa: anaweza kupigwa mwezi wowote, ukiwemo ule ambao jike ana watoto shimoni.

Sina ugomvi na mkulima huyo. Wanakondoo wengi zaidi hufa kwa baridi, njaa, maradhi na uzazi mgumu kuliko kwa meno ya mbweha, na wakulima wenyewe wanalijua hilo. Lakini mtu aliyekesha akimvuta mwanakondoo kutoka tumboni mwa mama yake, kisha kulipokucha akamkuta ameliwa nusu, huwezi kumwambia akae asubiri takwimu. Ninachomdai ni kingine, nacho kinaanza baada ya kufyatua.

Kwanza kuna macho. Nyuma ya jicho la mbweha kuna tabaka linalorudisha mwanga, na ndiyo maana kwenye kurunzi macho huonekana kabla ya mwili: nukta mbili zinazowaka karibu na ardhi na kusogea kwa namna ambayo macho ya kondoo hayasogei. Mpigaji hujiridhisha kwamba ni mbweha kweli, wala si mbwa au paka wa jirani, hushusha shabaha hadi kifuani, anafyatua, na nukta zinazimika. Mpigaji mchanga huhesabu kule kuzimika kuwa kifo. Ila tabaka lile hurudisha mwanga kule ulikotoka tu. Mbweha akigeuza kichwa, macho yanazimika vilevile. Aliyekufa na aliyegeuka ili akimbie humwachia mpigaji giza moja.

Na wakati ule ule unaohitaji macho kuliko wakati mwingine wowote, mpigaji haoni. Bunduki imerudi begani, darubini imeruka juu, na mwako wa mtutuni umejaa kwenye kioo, hasa katika darubini za usiku ambazo kazi yake ni kukuza kila chembe ya mwanga. Picha inapotulia, jambo limekwisha kutokea. Ndiyo sababu wazoefu hupenda kutoka wawili. Mmoja hupiga, mwenzake hushika taa au kamera, na kazi ya huyo wa pili ni moja tu: asimwondolee mbweha jicho.

Kinachobaki ni sikio, na hapa mambo yanapendeza kuliko mtu angetarajia. Risasi nyepesi ya kasi inayotumiwa sana kwa mbweha, kama ile ya kaliba .223, hutoka mtutuni kwa karibu mita 1,000 kwa sekunde, karibu mara tatu ya mwendo wa sauti. Mbweha akiwa mita 150, inamfikia kabla ya sehemu ya tano ya sekunde kutimia. Mshindo wa kugonga nao unapaswa kurudi kwa mpigaji, na wenyewe unatembea kwa mita 340 kwa sekunde tu. Ukijumlisha kwenda na kurudi, ni kama sehemu sita kati ya kumi za sekunde. Huo ni muda mrefu kwa sikio lililotulia: mlio, pengo, kisha jibu. Kiwambo cha kuzuia sauti, ambacho wapigaji wengi wa Uingereza wana kibali nacho, hupunguza kishindo cha mtutuni na kulifanya pengo lile kuwa safi zaidi.

Jibu lenyewe lina lahaja zake. Risasi iliyoingia kifuani hutoa puu nzito, ya kitu chenye uwazi ndani. Iliyokuta mfupa hutoa sauti kavu, ya juu. Iliyokuta jiwe hulia na kuacha mluzi unaokwenda zake gizani. Shida ni udongo. Baada ya mvua, na Wales mvua haina likizo, udongo uliolowa huiga nyama vizuri mno. Na kadiri mbweha alivyo karibu ndivyo sikio linavyonyimwa nafasi: kwa mita 60 safari nzima ya kwenda na kurudi ni kama robo ya sekunde, na mshindo unazama ndani ya mlio wenyewe. Mtu anaweza kumpiga mnyama aliye mbele ya pua yake asisikie kitu, kisha akaapa kwamba kwa kuwa hakusikia kitu, hakugonga.

Mbweha naye husema kwa mwili. Aliyepigwa mara nyingi hujizungusha na kujiuma pale risasi ilipoingia, au mkia wake huinuka na kuzunguka hewani. Aliyepigwa tumboni hujikunja mgongo kisha akaondoka bila haraka. Aliyekoswa hushtuka, hukimbia moja kwa moja, na mara nyingi husimama mbali kidogo kugeuka na kutazama. Wazoefu huzisoma dalili hizi haraka kuliko wanavyoweza kuzieleza. Lakini ipo moja inayowapotosha hata wao. Mnyama aliyepasuliwa moyo anaweza kukimbia makumi ya mita, chini chini, kwa mbio kali kuliko alizowahi kukimbia akiwa mzima. Ni oksijeni iliyokwisha kufika kwenye misuli na ubongo ndiyo inayomsukuma. Mpigaji anaona mbio nzuri, anatikisa kichwa, anasema amemkosa, na mzoga unabaki kwenye ua wa vichaka umbali wa hatua chache kutoka kwenye njia anayorudia.

Wengi hudhani kamera za joto zimelimaliza swali hili. Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel aliweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliotawanywa na kipande cha kioo, akakuta kinapanda pasipoonekana mwanga wowote. Mionzi hiyo isiyoonekana ndiyo inayomwonyesha mkulima wa leo mbweha anayetembea kwenye giza totoro, mweupe juu ya malisho ya kijivu. Msaada wake ni wa kweli. Mzoga unaendelea kung'aa kwa saa kadhaa. Damu iliyomwagika sasa hivi huonekana kwa muda mfupi kabla haijapoa. Nyingi ya kamera hizi hurekodi, kwa hiyo mtu anaweza kuirudia picha na kuona mnyama aliingia kwenye ua upande gani, jambo ambalo kumbukumbu ya aliyekuwa nyuma ya bunduki hulikosea mara kwa mara.

Ila hebu tupige hesabu. Chukua kamera yenye lenzi ya milimita 35 na kihisio chenye nukta za mikromita 12. Kwa mita 200, kila nukta ya picha imebeba karibu sentimita 7 za dunia. Mwili wa mbweha bila mkia ni kama sentimita 70, basi mnyama mzima ana urefu wa nukta 10. Mguu wake ni nukta moja iliyochanganyika na majani. Kutoka kwenye picha ya namna hiyo mtu anataka kujua kama risasi yenye upana usiofika milimita 6 ilipita juu ya mgongo au chini ya ngozi. Isitoshe, majani marefu huzuia joto, mtaro wa shamba humficha mnyama aliyelala, na mawe yaliyoota jua mchana kutwa hung'aa jioni yakakupeleka kuyaendea bure. Kubwa zaidi, kifaa kinachomwonyesha mbweha akiwa mbali kinamshawishi mwenye bunduki ampige akiwa mbali. Naogopa sehemu ya uhakika tulioupata machoni tumeitumia kuongeza umbali.

Kwa hiyo mwisho wa yote ni kwenda kutazama. Hilo nalo lina utaratibu, na anayeuruka hujipotezea usiku. Kabla hajasogea, mpigaji huweka alama pale alipopigia, na mwenzake hubaki ameelekeza taa mahali mbweha alipokuwa, kwa sababu gizani mtu hupotea ndani ya malisho anayoyajua tangu utotoni. Akifika, hachezi na mwanga huku na huko. Anapiga magoti.

Anachokitafuta kwanza ni manyoya. Mbweha wa mwishoni mwa kipupwe ni manyoya kuliko mnyama; ukimlowesha maji utashangaa jinsi alivyo mwembamba. Risasi inaweza kukata kishungi cha manyoya isiguse ngozi, na inaweza pia kukata kishungi hicho hicho ikiwa njiani kuingia. Meupe hutoka shingoni kwa chini, kifuani na tumboni, au kwenye ncha ya mkia. Mekundu yenye mizizi ya kijivu ni ya ubavuni na mgongoni. Baadaye ni damu. Nyekundu ya kung'aa yenye mapovu ni ya mapafu, na mwenye damu hiyo hayuko mbali. Nyeusi nyeusi, nzito, yaelekea ni ya ini. Ikiwa na rangi ya kijani na harufu ya tumbo, mpigaji ajue ana saa nyingi za kazi mbele yake na mbweha ana saa nyingi za mateso. Na kuna kile kitu kidogo ambacho hakuna anayefurahi kukiokota: kipande cha mfupa chenye ukubwa wa punje ya mchele, bila damu ya maana. Hicho ni cha mguu. Mbweha wa miguu mitatu anaweza kwenda mbali na kuishi siku nyingi, akila vibaya, akijilamba pasipopona.

Na kama hakuna manyoya, hakuna damu, hakuna mfupa? Hapo ndipo watu wengi hugeuka kurudi garini wakiwa na amani. Lakini risasi nyepesi za kasi zimetengenezwa zivunjike ndani ya mwili, na mara nyingi hazitoki upande wa pili. Tundu la kuingilia ni dogo, manyoya yanalifunika, na damu yote inabaki kifuani. Ardhi safi haithibitishi chochote.

Haya yote wapigaji wazuri wanayajua. Ninachotaka kukisema wazi ni kuhusu nafsi ya anayesoma dalili. Mtu huyo huyo, juu ya risasi hiyo hiyo, atataka kuamini mambo tofauti kutegemea nani anamsikiliza na saa ngapi. Akiwa na marafiki atapenda kuwa amegonga. Akiwa peke yake saa nane za usiku, mvua inanyesha, mbele yake kuna mita 300 za miiba ya kupekua, atapenda kuwa amekosa. Kukosa hakudai kitu. Mbweha mzima hana haki yoyote juu ya usingizi wa mtu. Mbweha aliyejeruhiwa anayo, na ni haki nzito. Ndiyo maana neno la kukosa huja mdomoni upesi namna ile. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na mbweha aliyejeruhiwa ndiye asiyekuwapo kuliko wote: kesi yake inaamuliwa malishoni na mtu mmoja, mshtakiwa na hakimu akiwa yeye yule.

Matokeo yake yanafika mbali kuliko shamba moja. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Lord Burns, iliyotoa ripoti yake mwaka 2000, ililazimika kulinganisha njia za kuua mbweha. Ilikubali kwamba kupiga kwa bunduki ya risasi na taa usiku, kukifanywa ipasavyo na mahali panapofaa, kunamuumiza mnyama kwa kiasi kidogo kuliko kufukuzwa na mbwa, huku ikiwa na wasiwasi juu ya majeraha, hasa ya bunduki za marisau. Lakini ni wangapi hujeruhiwa? Ukiwauliza wapigaji, kila mmoja atafungua daftari lake, na daftari lina safu mbili: waliokufa na waliokoswa. Kila mbweha aliyekwenda na risasi mwilini ameandikwa kwenye safu ya pili. Daftari la mtu mwaminifu kabisa litasema uongo, kwa sababu halikupewa mahali pa kusemea kweli. Mtu anaweza kushauri twende kwenye hospitali za wanyamapori tuhesabu majeraha ya risasi, lakini mbweha aliyepigwa kwenye mlima wa Wales hafi kwenye bustani ya mtu wa kumpigia simu daktari.

Ndiyo maana nauheshimu utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Animal Welfare, pamoja na mabishano yote uliyoyazua. Watafiti walichora mbweha kwenye karatasi, kwa ukubwa wake halisi, wakawapa watu wa viwango mbalimbali vya ujuzi bunduki za risasi na za marisau, kisha wakayasoma matundu wakiyalinganisha na mahali viungo vinapokaa mwilini. Waliopinga walisema karatasi si mbweha, na ni kweli. Lakini karatasi haikimbii na jeraha lake. Hapo tu ndipo kukosa na kujeruhi kuliweza kuhesabiwa kila kimoja peke yake.

Sheria, kwa jinsi ya ajabu, imeielewa shaka hii kuliko desturi. Ile ile sheria ya 2004 iliyofungia makundi ya mbwa iliacha mlango mwembamba: mtu anaweza kutumia mbwa wasiozidi wawili kumtafuta mnyama wa porini ili kumwondolea mateso, ikiwa ana sababu za kuamini kwamba mnyama huyo ameumia au huenda ameumia. Hilo "huenda" linatosha. Hadaiwi awe na hakika. Nchini Ujerumani sheria ya uwindaji inaagiza mnyama aliyejeruhiwa kwa risasi auawe bila kuchelewa ili asipate mateso yanayoweza kuepukwa, na wawindaji wa huko wamejenga utamaduni mzima juu ya agizo hilo: mbwa wa kunusa wa Hannover na wa milima ya Bavaria wanaofundishwa kufuata damu ya jana, na madaftari ambamo wamebandika vishungi vya manyoya ya kila sehemu ya mwili ili kile kilichookotwa kilinganishwe. Kazi hiyo yote hufanywa zaidi kwa kulungu na nguruwe mwitu. Mbweha hupata kidogo, kwa kuwa nyama yake hailiwi. Hilo linanisikitisha, maana jeraha halijui kama mwenye nalo analiwa.

Mambo huwa mazito zaidi Aprili. Jike aliyepigwa akaenda kufia vichakani anaweza kuwa na watoto wanne au watano chini ya ardhi, wengine hawajafumbua macho. Ujerumani humlinda mzazi anayehitajika kulea hadi watoto wajitegemee. Uingereza haina kinga hiyo. Wapigaji wenye maadili huko hukagua chuchu za kila jike waliyemuua, na akiwa ananyonyesha hulitafuta shimo kabla ya kulala. Lakini chuchu hukaguliwa kwenye mzoga. Aliyesema "nimemkosa" hana mzoga wa kukagua, na watoto wa mbweha aliyeandikwa kwenye safu ya waliokoswa hufa njaa bila mtu kujua kwamba kulikuwa na kazi ya kufanya.

Kwa hiyo kama ningesikilizwa, ningeomba safu ya tatu kwenye daftari, ya wasiojulikana, na kila risasi isiyo na mzoga ianzie humo. Itolewe humo kwa moja kati ya njia mbili. Ama mzoga upatikane, kukishakucha, kwa mbwa anayejua kazi. Ama mbweha aonekane hai. Hili la pili linawezekana kuliko watu wanavyodhani. Mkulima anayajua mashimo ya ardhi yake; kamera ndogo ikifungwa kwenye nguzo ya ua, itamwonyesha jike akirudi na sungura mdomoni. Atazame kama anakanyaga kwa miguu yote minne. Atazame anapoketi kama anageuka kujilamba ubavu ule ule tena na tena. Amtambue kwa ncha ya mkia au sikio lililochanika, kwa sababu huenda aliyeonekana ni mwingine. Akiridhika, basi afungue daftari, aikate risasi ile kwenye safu ya tatu, aiandike kwenye ya waliokoswa. Na usiku unaofuata anaweza kuamua upya kama kweli anataka kumpiga.